Konabeki chipukizi hupimwaje, na safu ya nyuma ina upana kiasi gani?

Msomaji mmoja anayeishi Kansas City, ambaye anasema aliingia katika futiboli ya Kimarekani kwa kuwa wanawe hawana mazungumzo mengine nyumbani, ametuandikia hivi: "Kila mwaka timu yetu huchagua makonabeki wapya. Kijana akipitwa mara mbili katika mechi za maandalizi, watu husema hafai. Akinasa pasi moja, anaitwa nyota. Nitajuaje kama ana uwezo wa kweli? Na nitajuaje kama timu ina watu wa kutosha huko nyuma iwapo mmoja wao ataumia?"

Ndugu msomaji, tatizo la kwanza ni televisheni. Kamera hufuata mpira, na konabeki, yule beki wa pembeni mwenye kazi ya kumkaba mpokeaji wa pasi, huonekana pale tu mpira unapofika. Hapo ni mwisho wa kazi iliyoanza sekunde tatu hivi nyuma, na ndicho kipande cha kazi chenye bahati nyingi kuliko vyote: pasi yaweza kurushwa vibaya, mpokeaji aweza kuiangusha, mpira waweza kugonga mkono wa mtu na kumwangukia beki ambaye hakufanya lolote. Kwa hiyo mimi humpima kijana kwa mambo mawili ambayo ubao wa matokeo hauyaonyeshi, nayo ni kazi aliyopewa na kocha, na alichokifanya kabla mpira haujarushwa. Upana wa kikosi nao siupimi kwa wingi wa majina. Ninauliza tu ni kazi ngapi zinazoweza kuzibwa mtu akitoka, bila kocha kulazimika kubadili mfumo wake. Kwa kuwa unaishi Kansas City, una mfano mzuri mlangoni pako, yaani timu ya Chiefs ya msimu wa 2022, na nitaurudia mara kwa mara katika jibu hili.

Kabla ya kumhukumu kijana yeyote, inafaa kujua anatoka katika mchezo wa namna gani, maana futiboli ya vyuo vikuu na ile ya NFL, ligi ya kulipwa, hutofautiana zaidi katika nafasi hii kuliko katika nyingi nyingine. Chuoni, beki anaruhusiwa kumgusa na kumsukuma mpokeaji aliye mbele yake hadi mpira utakaporushwa. Katika NFL ruhusa hiyo hukoma yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, na akizidisha, timu yake hupoteza yadi 5 na wapinzani huanza upya hesabu ya majaribio yao manne ya kusogeza mpira yadi 10. Chuoni, kumzuia mpokeaji isivyo halali wakati pasi ikiwa hewani hugharimu yadi zisizozidi 15. Katika NFL mpira huwekwa pale pale kosa lilipotendeka, hata ikiwa ni yadi 40 mbele, kwa hiyo mkono mmoja uliong'ang'ania jezi unaweza kuamua mechi.

Liko jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawaligundui, nalo ni ile mistari mifupi ya katikati ya uwanja ambayo huonyesha mahali mpira unapoweza kuwekwa kabla ya shambulizi. Uwanja una upana wa futi 160 huku na huko, lakini chuoni safu mbili za mistari hiyo zimeachana kwa futi 40, ilhali katika NFL zimeachana kwa futi 18 na inchi 6 tu. Maana yake ni kwamba chuoni mpira unaweza kuanzia upande mmoja kabisa, na konabeki wa upande huo akabaki na ukanda mwembamba wa kulinda, huku mstari wa nje ukimsaidia kama beki wa ziada. Katika NFL mpira hukaa karibu na katikati karibu kila mara, kwa hiyo mpokeaji wa upande wowote ana nafasi ya kukata ndani au nje apendavyo. Kijana aliyeng'ara chuoni akilinda ule ukanda mwembamba anakuja kukutana na kazi ambayo hajaifanya, hata kama jina la nafasi yake halijabadilika.

Ndiyo sababu siogopi sana adhabu anazopigwa chipukizi mwezi wa Agosti, katika mechi za maandalizi. Kushika mpokeaji baada ya yadi 5 ni mazoea, na mazoea hufundishika; makocha wengine huwavalisha vijana glavu nene au kuwafanya washike mipira ya tenisi mazoezini ili vidole visipate cha kung'ang'ania. Ninachokiogopa ni nyonga nzito. Mpokeaji anapopita na beki akalazimika kugeuka kutoka kukimbia kinyumenyume hadi kukimbia mbele, kuna sekunde moja tu ya kufanya hivyo, na anayegeuka kwa hatua mbili badala ya moja atakuwa ameachwa yadi moja au mbili kila mara. Hilo halifichiki na ni gumu kurekebisha. Mtazame pia macho. Katika ulinzi wa mtu kwa mtu macho yanapaswa kubaki kiunoni mwa mpokeaji, kwa sababu mabega na kichwa hudanganya. Katika ulinzi wa eneo yanapaswa kwenda kwa kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, na kurudi. Kijana anayechungulia nyuma ya mstari wakati amepewa mtu wa kumkaba ataachwa na mpokeaji yeyote mwenye akili, hata asiye na kasi.

Jambo la tatu ni umbali kati yake na mpokeaji katika dakika ile mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki. Ukipata picha za mechi zinazoonyesha wachezaji wote 22, simamisha hapo hapo. Ikiwa kijana yuko bega kwa bega na mtu wake na bado pasi ikakamatwa, mara nyingi hiyo ni pasi nzuri na mpokeaji mzuri. Kocha wake atampigia makofi hata kama wewe umekasirika. Ikiwa yuko yadi nne nyuma na pasi ikapita juu, usishangilie. Mwisho, tazama kama anaangusha watu. Konabeki asiyetaka kumkabili mbeba mpira hana maisha marefu katika timu inayopenda kushambulia kwa mabeki wake, na Steve Spagnuolo, kocha wa ulinzi wa Chiefs tangu 2019, ni mmoja wa wanaowatuma mabeki wa nyuma kumvamia kwotabeki kuliko wengi.

Kuhusu takwimu nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo zinazozua ubishi mwingi. Idadi ya pasi za wapinzani alizonasa mchezaji ni kipimo dhaifu. Trevon Diggs wa Dallas Cowboys alinasa pasi 11 mwaka 2021, wakati ambapo katika NFL kunasa 6 tu kwa msimu ni jambo la kusifiwa. Lakini wachambuzi waliohesabu pasi zilizokamatwa upande wake walikuta pia ameruhusu yadi zaidi ya 1,000, kwa sababu aliishi kwa kubahatisha. Kwa upande mwingine, Trent McDuffie wa Chiefs alimaliza misimu yake miwili ya kwanza bila kunasa pasi hata moja katika mechi za kawaida, na bado mwaka 2023 alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Anayesoma safu moja ya takwimu angesema Diggs ni bora kwa mbali.

Hata idadi ya mara ambazo wapinzani wanarusha upande wake haisemi kitu peke yake. Chipukizi hulengwa sana kwa sababu tu ni chipukizi. Kila kwotabeki mzoefu humjaribu mgeni katika wiki zake za mwanzo, na kama upande wa pili kuna konabeki aliyekomaa, mipira yote itamfuata kijana. Kinyume chake pia hutokea: mtu halengwi kwa kuwa mwenzake ni dhaifu zaidi. Sauce Gardner, aliyechaguliwa wa nne na New York Jets katika drafti ya mwaka 2022, yaani zamu za timu kuchagua vijana kutoka vyuoni, ni kisa adimu cha kijana ambaye kila kipimo kilikubaliana juu yake mwaka wa kwanza. Alinasa pasi mbili tu, lakini aliongoza ligi kwa pasi alizozigonga, akapewa tuzo ya chipukizi bora wa ulinzi na nafasi katika kikosi bora cha ligi. Usimtumie yeye kama rula ya kuwapimia wengine, maana utawaonea.

Sasa tuje kwenye Chiefs wenyewe. Kabla ya msimu wa 2022 walimpoteza Charvarius Ward, konabeki wao wa nje, aliyekwenda San Francisco, na Tyrann Mathieu, aliyekuwa kiongozi wa safu ya nyuma, akaenda New Orleans. Aliyebaki mwenye uzoefu wa kutegemewa alikuwa L'Jarius Sneed, mteule wa raundi ya nne wa mwaka 2020. Meneja mkuu, Brett Veach, aliwapa Patriots nafasi za 29, 94 na 121 ili apande hadi ya 21 na kumchukua McDuffie kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Nafasi mbili kati ya hizo zilikuwa zimetoka Miami katika biashara ya kumuuza Tyreek Hill, mpokeaji nyota wa Chiefs, kwa hiyo unaweza kufikiria jicho ambalo mji mzima ulimtazama nalo kijana yule. Katika raundi ya pili akamchukua Bryan Cook, ambaye hucheza sefti, yaani beki wa nyuma kabisa. Katika ya nne, nafasi ya 135, alimchukua Joshua Williams kutoka Fayetteville State, chuo kidogo ambacho mashabiki wengi hawakuwa wamekisikia. Raundi ya saba ikamleta Jaylen Watson katika nafasi ya 243 na Nazeeh Johnson katika ya 259. Mabeki watano wa nyuma katika drafti moja ya wachezaji kumi: huo si usajili wa kawaida.

McDuffie alitiliwa shaka kwa urefu wa mikono yake, usiofika inchi 30, na wapo waliosema hataweza kuwazuia wapokeaji warefu. Williams na Watson walikuwa kinyume chake: warefu, wenye mikono mirefu, lakini wabichi katika mbinu. Hapo ndipo unapoona kwamba timu haikuwa ikitafuta makonabeki watatu wa aina moja. Ilitaka mmoja mwenye akili na miguu ya kucheza popote, hata ndani, karibu na mstari, ambako mpokeaji anaweza kukata kushoto au kulia. Na ilitaka wawili wa kusimama nje na kumsumbua mpokeaji tangu hatua ya kwanza. Kumlaumu Watson kwa kutoweza kucheza ndani, au kumlaumu McDuffie kwa kuzidiwa urefu kwenye mpira wa juu, ni kumpima mtu kwa kazi ya mwenzake.

Mechi ya kwanza ya msimu, huko Glendale, Arizona, McDuffie aliumia msuli wa nyuma ya paja na hakurudi hadi Novemba. Siku nne baadaye Watson, mteule wa 243, alikuwa kikosini dhidi ya Los Angeles Chargers. Robo ya nne, matokeo yakiwa 17 kwa 17 na Chargers wakiwa hatua chache kutoka mstari wa mwisho, alinasa pasi ya Justin Herbert na kukimbia nayo yadi 99 hadi tachidauni, yaani bao la kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho. Chiefs walishinda 27 kwa 24 na Watson akawa gumzo kwa wiki nzima. Mimi ningekuomba utazame upya tukio lile kwa jicho la kocha. Mpokeaji aliyelengwa, Gerald Everett, alikuwa amechoka waziwazi na hakuufuata mpira kwa nguvu. Kile kipande cha bahati hakikuwa kazi ya Watson. Cha kwake ni kwamba alisimama mahali alipotakiwa kusimama, aliona mwelekeo wa pasi mapema, na hakusita. Hicho ndicho kilichowaambia makocha kwamba wanaweza kumpanga tena, na ndicho kilichoendelea kuwepo katika wiki ambazo hakunasa chochote.

Ukitaka ushahidi wa kile klabu yenyewe inachofikiri, fuata matendo yake kuliko maneno ya mikutano na waandishi, ambako kila kijana "anaendelea vizuri." Mwanzoni mwa Novemba 2022 Chiefs walimuuza Rashad Fenton, konabeki mzoefu aliyeanza msimu katika kikosi, kwa Atlanta Falcons. Timu inayowania ubingwa haimwachii mchezaji kama huyo katikati ya msimu isipokuwa imekwisha kuridhika na waliopo. Hiyo ilikuwa ripoti ya tathmini ya Watson na Williams, na ilitolewa hadharani bila mtu kuisoma.

Hapa tumekwisha kuingia katika swali lako la pili. Orodha ya timu ya NFL ina wachezaji 53, na siku ya mechi wasiozidi 48 ndio wanaoruhusiwa kuvaa; wapo wengine 16 wa kikosi cha mazoezi, ambao wanaweza kupandishwa wawili kwa mechi, kila mmoja mara tatu kwa msimu. Kati ya 53 hao, makonabeki huwa watano au sita. Siku hizi timu nyingi hucheza na mabeki watano wa nyuma katika zaidi ya nusu ya mashambulizi, kwa kuwa wapinzani huingiza wapokeaji watatu, kwa hiyo konabeki wa tatu si mchezaji wa akiba hata kidogo, ingawa magazeti bado humwandika hivyo. Akiba huanza na wa nne. Wa tano na wa sita hukaa kikosini kwa kukimbia nyuma ya mipira ya mateke, na asiyeweza kazi hiyo ni nadra kubaki hata awe na kasi ya umeme.

Njia ninayopendekeza ya kupima upana ni kumwondoa mchezaji bora kichwani mwako na kuuliza nani anahama. Jeraha moja mara nyingi huhamisha watu wawili: anayecheza ndani akiumia, wa nje huingia ndani, na wa nne huchukua nafasi ya nje. Kama kuna mtu anayeweza nafasi zote mbili, kocha anaendelea na mfumo ule ule. Kama hayupo, analazimika kumleta beki asiyeijua kazi hiyo, au kuacha kukaba mtu kwa mtu, na kwotabeki wa upande wa pili ataligundua hilo kabla ya robo kwisha. Usiwasahau masefti na wale wa mbele. Chiefs wa 2022 waliruhusu tachidauni 33 za pasi, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi mwaka ule, na ungedhani safu ile ya vijana ilikuwa janga. Lakini timu hiyo hiyo ilimwangusha kwotabeki mara 55, ya pili baada ya Philadelphia, na ikabeba taji. Beki anayekaba kwa sekunde mbili na nusu anafanya kazi nyepesi kuliko anayelazimika kukaba kwa nne.

Mtihani halisi ulikuja tarehe 29 Januari 2023, mechi ya kuamua bingwa wa AFC, moja ya nusu mbili za ligi, dhidi ya Cincinnati Bengals, timu yenye wapokeaji Ja'Marr Chase na Tee Higgins. Sneed alitoka katika mashambulizi ya mwanzo kabisa kwa mtikisiko wa ubongo. Waliobaki pembeni walikuwa McDuffie, Watson na Williams, wote wa mwaka wa kwanza, na Cook akiwasaidia kutoka nyuma. Walipitwa, ndiyo, Higgins alifunga tachidauni. Lakini Spagnuolo aliendelea kuvamia na kukaba kama alivyopanga. Watson alinasa pasi moja ya Joe Burrow, kwotabeki wa Bengals, na katika robo ya nne Cook aliigonga pasi ndefu iliyomlenga Higgins na Williams akaidaka. Chiefs walishinda 23 kwa 20. Wiki mbili baadaye, katika Super Bowl, fainali ya ligi, A.J. Brown wa Philadelphia alimpita McDuffie kwa tachidauni ya yadi 45, na Chiefs wakashinda 38 kwa 35. Ukimuuliza shabiki wa Philadelphia kuhusu McDuffie usiku ule angekuambia hafai, na miezi kumi na moja baadaye kijana yule alikuwa katika kikosi bora cha ligi.

Upana huo, hata hivyo, hauhifadhiki. Mkataba wa chipukizi ni wa miaka minne, na wanaong'ara huwa ghali wote kwa wakati mmoja. Mwezi Machi 2024 Chiefs walimuuza Sneed kwa Tennessee Titans, wakiamini McDuffie, Watson na Williams wanatosha, na katika wiki za mwanzo za msimu walitosha. Oktoba Watson alivunjika mguu. Nazeeh Johnson, aliyekuwa mtu wa akiba, akapangwa nje, wapinzani wakamwandama wiki baada ya wiki, na makocha wakalazimika kuchanganya watu hadi Watson aliporejea Januari. Klabu ile ile, kocha yule yule, vijana wale wale wa drafti ya 2022. Kilichopungua ni mtu mmoja tu juu ya ngazi, na kila aliyekuwa chini yake akapandishwa kazi isiyomfaa. Kwa hiyo Agosti ijayo, wanao watakapokuambia kasi ya konabeki mpya, waulize kwanza ni mkongwe gani aliye mbele yake ambaye mkataba wake unakwisha Machi inayofuata, na kama kijana anafundishwa nafasi ya mkongwe huyo au nyingine kabisa.